Dhahabu ya Kilwa Kwenye Monstransi ya Lisbon



Leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja ambalo linaonekana jepesi mpaka likuguse mfukoni: je, kitu kilichopatikana kwa dhuluma kinakuwa safi kikishatolewa kwa Mungu? Swali hili sikulipata darasani wala kwenye semina. Nililipata nikitembea na marafiki katika jiji la Lisbon, Ureno, Agosti 2023, tulipokwenda kwenye Siku ya Vijana Duniani. Nimerudi Mpanda nalo, na huku Katavi nimelikuta limeshanitangulia, limevaa kandambili na limeshika sururu.

Najua kuna atakayeuliza: mlienda kusali au kutalii? Niliulizwa hivyo hata kabla sijapanda basi. Jibu ni vyote viwili, na sioni aibu. Tulikuwa na katekesi, maungamo, Njia ya Msalaba na mkesha. Misa ya kufunga, tarehe 6 Agosti, sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana, ilikadiriwa kuwa na watu milioni 1.5 pale Parque Tejo, kando ya mto. Yaani chukua watu wote wa mkoa wa Katavi kama walivyohesabiwa kwenye sensa ya 2022, waweke uwanja mmoja, na bado kuna nafasi. Katikati ya ratiba hiyo zilikuwepo saa za kupumua, na katika saa hizo tulitembea mjini kama vijana wengine wote, chupa ya maji mkononi na simu yenye chaji asilimia kumi.

Lakini nauli yangu haikutoka mfukoni mwangu peke yangu. Parokia ilichanga. Kuna waliotoa elfu mbili, kuna waliouza karanga, na bibi mmoja wa jumuiya yetu alileta debe la mahindi akasema, "Mjukuu wangu, ukifika huko uangalie na kwa niaba yangu." Mtu akishakulipia macho, huwezi tena kuangalia ovyo. Kila nilipoona kitu kizuri nilijiuliza: nikifika nyumbani, bibi nitamwambia nini kuhusu hiki?

Belém

Tulikuwa wanne. Mimi, kijana wa Sumbawanga anayesomea uhasibu, dada mmoja mwanakwaya kutoka Dar es Salaam, na Mkenya wa Mombasa tuliyefahamiana naye kwenye foleni ya chakula. Kiswahili ndicho kilitukutanisha. Ukisikia mtu anasema "jamani, miguu yangu!" katikati ya umati wa dunia nzima, unageuka tu, hata kama humjui.

Tulipanda tramu namba 15 kwenda Belém. Jina hilo kwa Kireno ni Bethlehemu. Kutoka pale, mwaka 1497, meli za Vasco da Gama ziliondoka kutafuta njia ya kwenda India, na mwezi Aprili 1498 zilikuwa zimefika Mombasa na Malindi. Karibu na mto ipo monasteri ya Jerónimos, aliyoijenga Mfalme Manuel I kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16. Ni jengo la kukufunga mdomo. Mawe yamechongwa kama kamba za meli, kama majani, kama vitu vya baharini. Sehemu ya gharama yake ililipwa kwa kodi ya asilimia tano iliyotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, hasa viungo. Ukiingia tu kanisani, karibu na mlango, unakutana na kaburi la Vasco da Gama mwenyewe, amechongwa amelala, mikono ameikunja kwa sala.

Watu walikuwa wanapiga selfi. Rafiki yetu wa Mombasa alisimama kidogo akasema, "Huyu bwana nimemsoma tangu shule ya msingi. Sikujua kama nitakuja kumkuta amelala kanisani."

Hapo jirani kuna bustani yenye jina la Vasco da Gama. Siku zile ndimo yalimowekwa maungamo, vibanda vingi vya mbao vilivyotengenezwa na wafungwa wa magereza ya Ureno. Papa Fransisko mwenyewe alikwenda pale tarehe 4 Agosti akawaungamisha vijana wachache. Mimi pia niliungama kwenye bustani ile. Nilipotoka nilijisikia mwepesi, na sikujua kwamba jambo zito zaidi lilikuwa linatusubiri kesho yake.

Neno tulilolisoma wote

Kesho yake dada wa Dar alituomba twende naye Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Alisema mwalimu wake wa historia alimwambia akipata nafasi asikose kuona kitu kimoja humo. Tulimfuata huku tukinung'unika, maana njaa ilikuwa imeanza.

Kitu chenyewe kipo ndani ya kioo. Ni monstransi, chombo kile padri anachokitumia kutuonyesha Ekaristi wakati wa kuabudu na wakati wa baraka ya Sakramenti Kuu. Hii ni ya dhahabu na imetiwa rangi za enameli. Katikati, mahali pa Hostia, wamezunguka Mitume kumi na wawili, wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake. Juu yao kuna njiwa mweupe, Roho Mtakatifu. Juu kabisa ameketi Mungu Baba. Aliyeifua anaitwa Gil Vicente, na kazi yake ni ya mtu aliyeamini alichokuwa anakifanya. Sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kikanivuta kusali namna ile.

Halafu kijana wa Sumbawanga akainama kusoma kitako chake. Kuna maandishi yamezunguka pale, ya Kireno cha zamani. Hatujui Kireno, lakini neno moja wote wanne tuliliona mara moja: QUILOA. Kilwa. Kilwa yetu, ile ya mkoa wa Lindi.

Maelezo ya pembeni yalitufafanulia. Maandishi yanasema kwamba Mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506.

Sasa hiyo "kodi" ilikuwa nini? Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na meli zenye mizinga. Alimtishia mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka, mji utateketezwa. Ibrahim akalipa. Dhahabu ile ilifika Lisbon 1503. Miaka miwili baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida alifika Kilwa na kundi kubwa la meli, akauteka mji. Masimulizi ya mtu aliyekuwa kwenye msafara huo yanaeleza jambo ambalo nikilifikiria linaniumiza tumbo: mapadri walishuka ufukweni na misalaba miwili, wakaenda kwa maandamano wakiimba Te Deum hadi kwenye jumba la mtawala, kamanda akasali mbele ya msalaba, na baada ya hapo ndipo askari walipoanza kupora mji.

Walisali, wakapora. Kwa mpangilio huo.

Kilwa haikuwa kijiji cha kuonewa huruma. Ulikuwa mji wa mawe wenye msikiti mkubwa na sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta aliufika mwaka 1331 na kuusifia. Na nisiufanye mji wa malaika pia. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na baadhi ya biashara zao zilikuwa za kuuza watu. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, kwenye nyanda za juu ambazo leo ni Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Mtu wa kwanza aliyeshuka shimoni akaitoa ile dhahabu ardhini hatumjui jina, wala kama alilipwa.

Marafiki wanne

Tulitoka pale tukakaa kwenye ngazi, na mabishano yakaanza.

Kijana wa Sumbawanga alisema, "Mimi naona Mungu amepata sehemu yake. Ile dhahabu ingebaki kwa watawala ingekuwa bangili na vikuku. Hapa imembeba Yesu. Halafu msisahau Waisraeli walitoka Misri na dhahabu ya Wamisri, na baadaye wakatoa dhahabu kutengeneza hema la Mungu."

Wa Mombasa akamjibu papo hapo: "Waisraeli walikuwa watumwa wanaodai mishahara ya miaka mia nne. Vasco da Gama alikuwa anaidai Kilwa nini?"

Kimya.

Mhasibu wetu akajaribu tena: "Sawa, lakini sasa hivi tufanye nini? Tuivunje?"

Dada wa Dar alikuwa hajasema kitu. Mwishowe akasema taratibu, "Mimi nafikiri kama ningekuwepo zamani, ile monstransi iko altareni na Yesu yumo, nisingeweza kupiga magoti nikijua imetoka wapi. Halafu nafikiria kwamba Yesu yumo, basi nisingeweza kubaki nimesimama."

Kwa maoni yangu hakuna aliyelisema swali lile vizuri kuliko yeye. Huo ndio mtego. Ukipiga magoti, unaonekana umebariki wizi. Ukikataa, unamwacha Bwana wako kwa sababu ya makosa ya aliyemnunulia nyumba.

Yesu nyumbani kwa Zakayo

Nimelitafakari jambo hili muda mrefu, na nitawaambia nilikofika.

Kwanza, Yesu hachafuki. Imani yetu inafundisha kwamba sakramenti haitegemei usafi wa mkono unaoihudumia, na mimi nasema haitegemei pia historia ya chombo kilichoibeba. Aliyezaliwa kwenye hori na kufa kwenye mti uliochongwa na wauaji wake hazuiwi na dhahabu ya wizi. Kwa hiyo dada yangu wa Dar angepiga magoti, na angekuwa sahihi.

Lakini pili, na hapa ndipo wengi tunateleza: Yesu kuwemo humo si risiti. Haina maana kwamba deni limelipwa. Fungueni Luka 19. Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Alikalia viti vilivyonunuliwa kwa fedha za dhuluma, akala chakula cha fedha hizo hizo. Watu wakanung'unika, na tukisema kweli manung'uniko yao yalikuwa na msingi. Ila habari haikuishia mezani. Zakayo alisimama. Akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akatangaza wokovu katika nyumba ile.

Yesu kuingia ndani ni neema. Zakayo kusimama ni jibu. Tatizo la monstransi ile ni kwamba Yesu aliingia na Zakayo akabaki ameketi. Badala ya kusimama aandike majina ya aliowadhulumu ili awarudishie, aliandika jina lake mwenyewe na jina la mji aliouchukulia mali, kwa kujivuna, akaizungushia kwenye kitako cha chombo kitakatifu.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, hakina huruma kabisa juu ya jambo hili. Kinasema sadaka iliyotokana na mali ya dhuluma ni dhihaka, na kumtolea Mungu mali uliyowanyang'anya maskini ni kama kumchinja mtoto mbele ya baba yake. Hebu fikiri kidogo. Baba yuko pale, anatazama, na wewe unamletea zawadi uliyoipata kwa kumuumiza mwanawe. Unategemea atafurahi? Na Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 anasema ukiwa altareni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda kwanza ukapatane naye. Hasemi sadaka ni mbaya. Anasema inasubiri.

Kuna mtu mmoja wa zama zile zile aliyeisoma sura hiyo ya Sira ikamgeuza. Anaitwa Bartolomé de las Casas, padri Mhispania aliyekuwa na wenyeji wa Cuba wakimfanyia kazi kwa lazima. Mwaka 1514, miaka minane tu baada ya monstransi ya Lisbon kumalizika, alikuwa anaandaa mahubiri ya Pentekoste akakutana na maneno hayo. Akawaachia wale watu, akaanza kuhubiri dhidi ya unyonyaji alioushiriki, akaendelea karibu maisha yake yote. Naye hakuwa mkamilifu. Wakati fulani alipendekeza Waafrika wapelekwe kufanya kazi badala ya Wahindi wa Amerika, na baadaye akalijutia hilo kwa maandishi. Lakini alisimama, na alipogundua kwamba amesimama mahali pabaya, akahama.

Mtu asiniambie, basi, kwamba "zama zile hawakujua". Sira alikuwa ameandika karne nyingi kabla, na kitabu kilikuwemo kwenye Biblia zao.

Lakini si mema yametokea?

Kuna hoja nyingine nimeisikia, hata kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu: mambo hayo mabaya yameshaleta mema, imani imetufikia, tuyaache. Kwa hoja hii sihitaji kwenda Ureno. Naenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, humu humu mkoani kwetu.

Pale Karema alifanya kazi Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akavushwa jangwa kama mtumwa, akakombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista, na alikaa huko akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60! Wazee wengi wa mwambao ule waliguswa na mikono yake.

Je, tuseme waliomteka walifanya vizuri kwa sababu bila wao Karema isingepata daktari? Hakuna Mkristo atakayesema hivyo. Tunasema Mungu aliweza kuchota mema katika uovu ambao hakuutaka. Uovu ukabaki uovu, na mama yake Atiman huko kwao akabaki bila mtoto. Mema ambayo Mungu anayatoa ni sifa kwa Mungu. Mwizi hawezi kuyaleta kama utetezi wake.

Turudi Katavi

Sasa tusikae tunamsema Mfalme Manuel. Amekufa tangu 1521. Sisi je?

Mpanda yetu yenyewe ilikua kwa sababu ya madini. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa miaka ya mwisho ya 1940 ili kubeba madini ya risasi ya Mukwamba. Leo risasi imekwisha, lakini dhahabu ipo, na vijana wengi wa umri wangu wako machimboni.

Mwaka jana vijana tulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa la kigango. Mmiliki mmoja wa duara akaahidi mabando ya bati, karibu nusu ya yaliyohitajika. Watu wakapiga vigelegele. Shida ilikuwa kwamba vijana watatu wa VIWAWA yetu walikuwa wamechimba kwake miezi minne. Mawe yalishasagwa, dhahabu ikauzwa, na mgao wao hawakuuona. Kila wakiuliza wanaambiwa wiki ijayo.

Katika kikao chetu mmoja wao alisema maneno ambayo yalinirudisha moja kwa moja kwenye kile kioo cha makumbusho: "Maana yake bati zile ni zangu. Ila siku ya harambee litasomwa jina lake."

Tulibishana hadi usiku. Wengine walisema hela haina dini, mvua zinakuja, kanisa halina paa. Wengine walisema tumwambie mbele ya watu wote siku ya harambee. Mwishowe tulikwenda kwa Paroko. Padri alisikiliza, akauliza maswali mengi, akaita na upande wa pili. Halafu yeye na mwenyekiti wa halmashauri ya walei wakaenda kumwona yule mzee nyumbani kwake, bila kelele. Walimwambia zawadi yake inapokelewa kwa furaha, ila iwasubiri wale vijana kwanza.

Ningependa kuwaambia alisimama kama Zakayo. Alikasirika. Alisema makanisa yapo mengi. Hakuonekana Misani kwa Dominika kadhaa. Baadaye aliwalipa wawili kikamilifu, wa tatu akampa sehemu. Bati aliloleta lilikuwa robo ya ahadi. Mvua zilipoanza, upande mmoja wa kigango ulikuwa na paa na upande mwingine turubai, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia akiwa amelowa, "Haya, haki yenu hiyo inavuja."

Sikumjibu, na mpaka leo sioni kwamba alistahili kujibiwa. Alikuwa amelowa kweli. Haki ina gharama, na mara nyingi anayelipa gharama si yule aliyedhulumu. Hata hivyo bado naamini tulifanya jambo sahihi. Paa lingekamilika kwa njia ile, vijana watatu wangekaa chini yake kila Dominika wakitazama juu na kuona mishahara yao. Wangesikia padri akihubiri kwamba Mungu ni mwenye haki. Wangeamini nini? Nadhani ndicho alichokisikia mtu wa Kilwa mwaka 1505 aliposikia Te Deum: wimbo mzuri sana, na baada yake mlango wake unavunjwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila anayetoa sadaka aulizwe ametoa wapi. Tungekuwa polisi, na bibi mwenye debe la mahindi angeogopa kuja. Kapu la sadaka halina haja ya mkaguzi. Ninachosema ni hiki: ukishajua, umejua. Aliyedhulumiwa akiwa amekaa benchi moja na wewe, huwezi kupokea mali yake kutoka mkono wa mwingine ukasema hujui.

Tutembee vipi basi?

Wengi wenu mtapata nafasi ya kusafiri. Kama si Ulaya, basi Dar, Nairobi, Zanzibar. Nendeni. Pigeni picha, mle vizuri, mcheke. Lakini mbele ya kila kitu kizuri jiulizeni maswali matatu: nani alikitengeneza, nani alikilipia, na jina la nani halikuandikwa. Uzuri haupungui ukiuliza. Mimi monstransi ile naiona nzuri zaidi sasa, maana najua wamebebwa mle watu wangapi.

Na Kilwa? Nakiri ni ajabu kwamba nilifika Lisbon kabla ya kufika Kilwa Kisiwani, wakati magofu yake yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mambo ya kurudisha vitu vya kale yanaamuliwa na serikali na wataalamu. Lakini mimi kama kijana Mkatoliki wa Tanzania natamani siku moja watoto wa Kilwa, wengi wao Waislamu, wakione chombo kile kwa macho yao, na Mkatoliki awe wa kwanza kuwaambia ukweli wa kilikotoka. Mtakatifu Yohane Paulo II alituonyesha njia. Mwaka 1992 kwenye kisiwa cha Gorée, Senegal, aliomba msamaha kwa biashara ya watumwa, na tarehe 12 Machi 2000 pale Roma aliomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa katika historia. Kusema ukweli hakukulivunja Kanisa.

Wiki hii, ukienda kuabudu Ekaristi parokiani kwako, labda mbele ya monstransi ya kawaida tu isiyo na historia ya wafalme, piga magoti bila wasiwasi. Yumo. Kisha mwache akuulize alichomuuliza Zakayo kwa kuingia tu nyumbani kwake. Kuna dada wa kazi hajalipwa? Kuna rafiki umechukua simu yake "kwa muda" mwaka wa pili huu? Kuna shamba la marehemu baba mdogo mmelima wakati watoto wake wapo? Ukikumbuka, simama. Sadaka yako itakusubiri pale pale.

*Ee Yesu wa Ekaristi, wewe huchagui nyumba safi ndipo uingie. Tupe ujasiri wa kusimama ukishaingia, kurudisha tulichochukua, na kuwataja kwa majina ndugu zetu waliosahauliwa. Mama Maria, uliyesafiri kwa haraka kwenda kwa Elizabeti, tufundishe kutembea tukiangalia. Amina.*

Maswali ya kujadili kwenye VIWAWA au jumuiya:

1. Ungekuwa mbele ya monstransi ile ikiwa altareni, ungefanya nini, na kwa nini?
2. Katika habari ya kigango chetu, je, yule mama aliyelowa alikuwa na haki ya kutulaumu?
3. Ni lini kuuliza "hela hii imetoka wapi" ni haki, na ni lini ni kumhukumu mwenzako?